Shangazi wa Jikoni na Barua za Nailoni

Wiki hii Shangazi wa Jikoni amepokea barua kutoka kwa watu wa Tabora, na karibu zote zinanuka nailoni. Alizisoma akiwa amekunja uso, miwani puani, kikombe cha chai kando.

Mama mmoja wa Isevya anaanza kwa kuungama. Nyuma ya hotpoti la wageni ana furushi la rambo alizozificha tangu Mei 2019, siku chache kabla ya mifuko hiyo kupigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni. Aliona zitamfaa siku moja. Sasa mumewe amezifuma na kila jioni anamkumbusha faini: Sh 30,000 hadi 200,000, au kulala ndani hadi siku 7. Azifanye nini?

Shangazi anamjibu kwamba mume hakutunga, kanuni ndivyo zinavyosema. Furushi hilo alipeleke ofisi ya serikali ya mtaa akaulize pa kulikabidhi, na asithubutu kuliwashia jiko la mkaa, maana moshi wake ataula yeye na wanawe. Ila afungue na friji. Sukari kwenye kifuko cheupe, dagaa kwenye kifuko cheupe, karanga vilevile, na nyanya tatu ambazo zingekaa vizuri tu kwenye ungo. Rambo alipoondoka, mdogo wake alirithi kiti. Kisheria kifuko hicho ni kifungashio cha bidhaa, si kibebeo, na baraza la mazingira, NEMC, limelazimika kulirudia hilo hadi sauti kukauka. Dawa ni kwenda sokoni na makopo yenye mifuniko. Muuza dagaa hana ugomvi na kopo. Yeye mwenyewe anapimia kopo.

Kijana mpangaji wa Ng'ambo anatoa shikamoo kisha analalamika: maharage ya jana huyafunika kwa nailoni, na kila siku nailoni mpya. Jibu la Shangazi ni fupi. Ana bakuli, na bila shaka ana sahani. Sahani iende juu ya bakuli. Akitaka urembo, atafute kawa iliyosukwa kwa ukili, ambayo bibi zake waliifunikia vyakula kabla nailoni haijazaliwa. Waliosema funika kombe mwanaharamu apite walikuwa na kifuniko mkononi, na katika chumba cha kupanga mwanaharamu ni mende. Maharage yasimwagwe ya moto kwenye mfuko mwembamba, na yasilale nje usiku kucha yakisubiri friji.

Barua iliyomweka Shangazi macho ni ya mzee mkulima wa Uyui. Mjukuu wake amerudi kutoka chuoni na fatwa: plastiki yote ni haramu. Ameamuru ile mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia mahindi itupwe, familia irudie kihenge na vilindo vya magome, kama enzi za misafara. Mzee anauliza kama mtoto ana akili au ana homa.

Shikamoo mzee, anaandika Shangazi, mtoto ana vyote viwili. Ni kweli wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji bila mfuko hata mmoja wa plastiki. Chumvi ya Uvinza ilisafiri, asali ilisafiri, unga ulisafiri, katika vibuyu, ngozi na magome. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na hatujasikia kwamba alilia rambo. Lakini gome la kilindo au la mzinga hutoka kwenye mti uliochunwa kuzunguka shina, na mti huo hufa ukiwa umesimama. Mjukuu auhesabu na mti huo.

Kisha kuna mgeni ambaye misafara haikumjua. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mdudu wa Amerika ya Kati alionekana kwa mara ya kwanza barani Afrika, na mahali penyewe ni hapahapa, mkoa wa Tabora. Ni dumuzi. Wengine walimbatiza Scania, kama lile lori. Husaga mahindi na makopa ya muhogo yakabaki vumbi, na kwa kuwa hutoboa hata mbao, kihenge cha miti kwake ni nyumba ya wageni. Fukusi wa zamani akawa kama mtoto mtiifu.

Mifuko ya tabaka tatu, inayouzwa nchini kwa jina la Kinga Njaa, ilianzia kwenye utafiti wa kuhifadhi kunde Kameruni miaka ya 1980. Mifuko miwili ya nailoni nzito huingia ndani ya kiroba. Ukifunga vizuri, wadudu humaliza hewa wenyewe wakafa, bila dawa. Usipotoboka, mfuko hurudi kazini msimu wa pili na wa tatu. Mifuko hiyo si ndugu wa kifuko cha karanga kinachoishi nusu saa. Mzee ailinde, aijaze upepo kila msimu kutafuta tundu, na mahindi yakauke kwanza: atie punje na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, atikise, chumvi ikiganda ukutani, arudi kuanika. Mjukuu apewe kazi ya michembe ya viazi vitamu na nsansa ya majani, vyakula ambavyo jua la Tabora huvihifadhi bure na kapu linavitosha.

Barua ya mwisho imetoka kwa binti anayesoma Mwanza. Mama yake humtumia asali kwa treni kwenye chupa za maji za nusu lita, na ikiganda hawezi kuichovya kwenye maji ya moto kwa sababu chupa hujikunja kama mzee wa baridi yabisi. Shangazi anashauri mitungi ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, ivikwe vitenge vikuukuu na kupangwa ndani ya ndoo ili isigongane. Asali iliyoganda haijaharibika. Maji ya vuguvugu yanatosha kuirudisha, yasichemke. Mitungi mitupu irudi Tabora na treni ya kwanza, imeoshwa na kuanikwa mpaka ndani, kwa sababu tone la maji likibaki humo, asali ya safari ijayo itaumuka kabla haijafika Mwanza.