Ngozi ya Penseli

Jana jioni hapa Area 18, Lilongwe, kwenye meza ya fundi simu wetu, nilichukua penseli ya mtoto wa shule nikaisugua kwenye karatasi mpaka pakawa peusi tii. Nikabandika selotepu, nikaibandua, nikaikunja ijibandike yenyewe, nikaibandua tena. Mara ya kwanza doa lilikuwa jeusi. Mara ya tano likawa kijivu. Mara ya kumi ulikuwa moshi tu.

"Unatafuta nini, mukubwa?" fundi akaniuliza.

Natafuta kile walichokipata Andre Geim na Konstantin Novoselov kule Manchester mwaka 2004, kwa selotepu kama hiihii, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Penseli ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Na kinywe ni kaboni iliyopangwa kama chapati kwenye sahani, moja juu ya nyingine, zimeshikana kidogo tu. Ukiandika, chapati zinateleza na kubaki kwenye karatasi. Ukiambua mpaka ibaki moja, unene wake ni atomu moja, kama theluthi ya nanomita. Unywele wako una nanomita kama 80,000. Ngozi hiyo ya mwisho inaitwa grafini, na umeme unapita ndani yake kwa wepesi wa ajabu. Wataalamu wanaipanga pamoja na ngozi za madini mengine, tabaka kwa tabaka, wakitafuta vifaa vya umeme vya kesho.

Kuambua ni kazi ya dakika chache. Kutafuta ndiko kunakoua mtu. Unaibandika selotepu kwenye kibati cha silikoni kilichofunikwa kwa oksidi ya nanomita kama 300, unaiondoa, na pale vinabaki vipande chungu nzima, karibu vyote vinene. Kile chembamba unakijua kwa kivuli cha rangi tu, kwa sababu tabaka moja linameza asilimia 2.3 tu ya mwanga. Basi mwanafunzi anainama juu ya hadubini, anasogeza, anatazama, anasogeza tena. Siku imeisha, shingo inauma, na kipande alichokipata hakitoshi kitu.

Fundi akacheka na kushika shingo yake. Yeye ni mzaliwa wa Uvira, Kongo, ana vibali vyake vyote vya kukaa mjini, na mikroskopu yake ndiyo inayomlisha. Akanivuta nitazame bodi ya simu: risasi ya kuchomelea imepasuka, ufa mwembamba kuliko mguu wa sisimizi. Mimi sikuuona hata aliponielekeza. "Mwalimu wangu alinionyesha bodi nzima na bodi mbovu, nzima na mbovu, mwaka mzima," akasema. "Sheria hakunipa. Siku moja nikaanza kuona."

Jamani, ndivyo mashine inavyofundishwa! Mwaka 2018 Satoru Masubuchi, Tomoki Machida na wenzao wa Tokyo walieleza mtambo unaotafuta wenyewe vipande vya grafini ya tabaka moja, 400 kwa saa, kisha wakapanga ngozi 29 juu kwa juu. Lakini jicho lile la kwanza lilikuwa la sheria za rangi, na sheria ya rangi inataka kurekebishwa kila taa inapobadilika. Mwaka 2020 wakaliwekea ujifunzaji wa kina: watu walizungushia mstari kila kipande kwenye picha kwa mkono, wakaandika hiki kinene, hiki chembamba, mashine ikajifunza humo. Taa ikibadilika, bado inatambua.

Wala msiseme hayo ni ya Wajapani. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, John Quinn, Rose Nakasi na wenzao walichapisha mwaka 2016 kazi ya namna hiyohiyo: simu imefungwa kwenye hadubini, mashine imefundishwa kutambua vimelea vya malaria kwenye damu, vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi, mayai ya minyoo kwenye choo. Mtaalamu wa maabara anapaswa kutazama nyuga zisizopungua 100 za kioo kimoja kabla ya kukuambia huna malaria. Foleni imefika mlangoni, macho ni mawili. Nani asiyelijua hilo hapa?

Ninaposonya ni hapa. Kaskazini magharibi mwa Lilongwe, pale Kasiya, kampuni ya Sovereign Metals imepima tani bilioni 1.8 za udongo wenye rutili, madini ya titani, asilimia 1 na kinywe asilimia 1.4. Kinywe hicho kinatakiwa zaidi kwa betri, si kwa grafini, maana grafini haihitaji malori. Gramu chache zinaitosha maabara kwa miaka. Mama anayetuuzia mandasi aliposikia akanyamaza kidogo, kisha akasema kwao Masisi, Kongo pia, walibeba koltani, madini ya kutengenezea simu, kwa magunia mgongoni, na simu zikarudi kwa bei ya ng'ombe. Nikakosa jibu.

Ila jicho la mashine halichimbwi. Linataka picha, kompyuta, na watu wenye subira ya kuzungushia mistari. Subira hiyo iko Dzaleka, kilomita kama 45 kutoka hapa. Palikuwa gereza, pakawa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, kwa watu kama 10,000, na sasa wamepita 50,000. Humo Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alianzisha TakenoLab kufundisha vijana kuandika programu. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa mjini warudi kambini, maduka yakafungwa. Kijana anayejua kuiandikia mashine amri anakaa nyuma ya lango akisubiri mgao. Nasonya, na nitasonya tena kesho.

Mpwa wa mama yule, wa kidato cha tatu, alikuwa kimya muda wote. Akaiweka selotepu yangu chini ya mikroskopu ya fundi, akabana simu kwenye lenzi, akapiga picha kumi na mbili. Kisha akafungua daftari, akachora mistari miwili, na wakaanza kubishana na fundi picha kwa picha: doa hili nene, hili jembamba, hili hatujui.