Mfalme Asife: Mwongozo kwa Mtengeneza Katuni

Ndugu mtayarishaji, umepata haki za tamthilia ya muziki ambayo watu wazima wameililia kwa zaidi ya nusu karne, na sasa unataka kuwauzia watoto wao tiketi. Usihangaike, njia imeshafyekwa. Mwaka 1999 Warner Bros. walitoa katuni ya The King and I, iliyoongozwa na Richard Rich, na kila kosa utakalolihitaji limo humo, tayari kunakiliwa. Nifuate.

Hatua ya kwanza: shika nyimbo, achia kisa. Nyimbo za Richard Rodgers na Oscar Hammerstein ndizo mtaji wako. Mzazi akisikia “Shall We Dance?” kwenye tangazo, pochi inafunguka yenyewe. Kisa ni mzigo tu. Mjane wa Kiingereza, Anna Leonowens, anafika Bangkok mwaka 1862 na mwanawe ili awafundishe watoto wa Mfalme Mongkut wa Siam, nchi tunayoiita leo Thailand. Anna na mfalme wanabishana, wanaheshimiana, hawaoani, na mfalme anafariki. Nani atanunua mwanasesere wa habari kama hiyo?

Wala usijali kwamba kila wimbo ulitungwa kwa ajili ya mahali pake. Jukwaani, “I Whistle a Happy Tune” ni wimbo wa mama anayemfundisha mwanawe kuificha hofu pale meli inapowasili bandari ngeni. Mtoto yeyote aliyewahi kuhamishiwa shule mpya anaijua hofu hiyo. Katuni iliona haitoshi, ikaleta joka la baharini. Iga hapo hapo. Joka hakuna mtoto aliyewahi kulikimbia, kwa hiyo halitamgusa, na wimbo utapita bila kumwachia kitu.

Hatua ya pili: tafuta adui. Tamthilia haina adui, na kwa mtu mwenye haraka hilo ni tatizo kubwa. Vita vyote vimo ndani ya mfalme mwenyewe. Anataka nchi yake iende na wakati, asome sayansi, aheshimiwe na Wazungu. Papo hapo anammiliki binti, Tuptim, aliyeletwa kwake kama zawadi kutoka Burma, na haoni ubaya wake. Wema na dhuluma vimekaa kifua kimoja, na mtazamaji analazimika kumpenda mtu anayemkasirisha.

Kazi ngumu hiyo, iepuke. Mchukue Kralahome, waziri mkuu, ambaye jukwaani ni mtu mzito na mwaminifu kwa bwana wake. Mfanye mchawi. Mpe tamaa ya kiti cha enzi na sanamu za mawe zinazoamka usiku. Kila dhambi mtupie yeye. Mfalme atabaki msafi kama shuka la hotelini, na mtoto atarudi nyumbani akiamini kwamba ubaya huletwa na watu wenye nyusi kali. Kisha mpe adui kibaraka mfupi, mnene, anayeng'oka jino kila anapopata ajali. Watoto wenye asili ya Asia waliokaa ukumbini watajua mara moja kicheko kile kinamlenga nani.

Hatua ya tatu: wanyama. Tumbili, mtoto wa tembo, chui mweusi; wote watatu walikuwemo. Mtu akikukumbusha kwamba tamthilia ilishakuwa na watoto tele, na kwamba Rodgers aliandika muziki mzima usio na maneno ili watoto wa mfalme waingie mmoja mmoja kumsalimia mwalimu wao, kila mmoja na vituko vyake, mwambie watoto hawapendi kutazama watoto. Sema kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti.

Hatua ya nne: kata panapouma. Pana tukio moja ambalo Jerome Robbins alilitungia dansi mwaka 1951. Mbele ya wageni wa Kiingereza, Tuptim anaigiza riwaya ya Harriet Beecher Stowe kuhusu watumwa wa Marekani, kwa mtindo wa dansi za Siam, ili amwambie mfalme usoni kile ambacho mdomo wake hauruhusiwi kukisema. Sijui tukio lingine katika tamthilia za muziki ambamo mdogo anamshtaki mkubwa kwa akili namna hiyo. Lina vinyago, lina mbio, lina malaika. Limejaa vitu ambavyo mchoraji angekesha navyo kwa furaha. Kata lote.

Mpenzi wa Tuptim mfute pia. Binti mpe mwana wa mfalme, Chulalongkorn. Yule wa kweli alikuwa na umri wa miaka tisa hivi Anna alipofika; mrefushe, mnenepeshe mabega.

Wathai usiwaulize kitu. Watakuambia kwamba tamthilia yenyewe ilimdhalilisha Mongkut, na wana hoja. Mtu yule alikuwa mtawa kwa miaka 27 na msomi wa nyota aliyepiga mwenyewe hesabu za kupatwa kwa jua kwa Agosti 1868. Aliwachukua wageni kwenda kushuhudia kupatwa huko, akarudi na malaria, akafa Oktoba. Jua linazimika mchana mbele ya mfalme aliyetabiri dakika zake! Mchoraji gani angeomba zaidi? Lakini ungelazimika kusoma.

Hatua ya tano, iliyo kubwa kuliko zote: mfalme asife. Steringi hafi, hilo tulilijua tangu vibanda vya video. Mwangushe na puto, mlaze kitandani kidogo, kisha mwamshe acheze dansi na Anna. Ndivyo walivyofanya.

Kile kilichokatwa hapo ni hiki. Yul Brynner aliigiza mfalme huyu jukwaani mara 4,625, tangu New York Machi 1951 hadi 1985, na usiku baada ya usiku watoto walikusanyika kando ya kitanda chake. Mfalme anazima polepole huku Chulalongkorn, mtoto, anatangaza amri yake: watu wasitambae tena kifudifudi mbele ya mfalme. Baba anasikia desturi yake ikivunjwa na mwanawe, na anamwachia aivunje. Kifo na amri ni kitu kimoja. Ukiondoa kifo, mtoto aliyekaa kiti cha mbele hataona kamwe kwamba siku moja zamu itakuwa yake, na kwamba anaweza kumpenda baba yake na bado akabadilisha mambo.

Watakuambia watoto hawawezi kubeba msiba. Kwenye katuni nyingine, Bambi alifiwa na mama mwaka 1942. Mufasa alikufa mwaka 1994, miaka mitano tu kabla ya katuni hii, na watoto wa dunia nzima walilia, wakafuta machozi, wakaomba mkanda urudishwe mwanzo. Anayeogopa msiba ni mkubwa aliyeketi kwenye mkutano wa watayarishaji.

Ukizifuata hatua zote tano utapata walichopata wao: filamu iliyogharimu dola milioni 25 hivi, ikarudisha takriban milioni 12 kwenye kumbi za Marekani. Ile filamu ya 1956 ya Brynner na Deborah Kerr, ambayo mfalme wake anakufa, ilichukua Oscar tano.

Na wewe mzazi uliyesoma hadi hapa, iache katuni. Tafuta hiyo ya 1956 na uitazame na wanao. Waambie kwamba Mongkut wa kweli alikuwa msomi kuliko huyo wa kwenye skrini. Mfalme akianza kukata roho, usizime televisheni wala usiwafumbe macho. Wataanza kuuliza maswali. Wajibu.