Makochi Yetu na Deni la Jirani

Baba Watoto alikuwa dereva wa watalii, mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi baada ya wiki akiwa na vumbi la Serengeti hadi kwenye nyusi. Machi 16, 2020 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, hapa hapa Arusha. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Kampuni ikamwandikia barua ya kumshukuru kwa utumishi mwema; mshahara haukuwamo kwenye shukrani. Dereva akabaki nyumbani kwetu Sakina, ananikosoa ninavyokata vitunguu.

Mkopo tuliopaulia nyumba ulikuwa bado mbichi. Rejesho la kwanza likapita, la pili likapita, faini zikaanza kuzaana. Afisa mikopo akawa anampigia simu mara nyingi kuliko mama yake mzazi. Baba Watoto akaizima. Macho yaliyozoea kumwona duma kwenye nyasi za Seronera sasa yalikuwa ya kuchungulia dirishani: hiyo pikipiki ni ya muuza maziwa au ya mdai?

Juni, baridi ya Meru ilipokwisha kutushukia, akaja na mkakati. Kwenye fomu ya mkopo tulikuwa tumeweka dhamana ya makochi, televisheni na friji.

"Wakija wasiyaone makochi, watakamata nini?"

"Friji," nikamwambia.

"Ile nzito, wataishindwa."

Usiku makochi yakavuka uchochoro hadi kwa jirani yetu mwenye saluni, aliyeyapokea kwa furaha iliyonitia shaka. Sisi tukakalia ndoo.

Kumbe jirani naye alikuwa na kausha damu, ile mikopo ya kurejesha kila siku, na saluni wateja hakuna. Asubuhi wakaja vijana na kirikuu kubeba chochote watakachokuta. Wakaduwaa: mdaiwa wao kanunua makochi! Wakaanza kupakia.

Baba Watoto akatoka mbio na taulo. "Shusheni! Makochi ni yangu hayo!"

"Ni yako?" sauti ikauliza nyuma yake. Afisa mikopo alikuwa anashuka kwenye pikipiki ya toyo, jalada kwapani.

Akaitwa mwenyekiti wa mtaa, naye akataka ushahidi. Risiti tulishaipoteza. Karatasi pekee iliyoyataja makochi yale, kwa rangi na idadi, ilikuwa fomu ya mkopo. Afisa akafungua jalada, akaitetea dhamana yake kama wakili, hadi akatoa picha: mume wangu kakalia lile kubwa, anatabasamu. Kirikuu kikaondoka kitupu.

Hapo Yeyo, mama mkwe wangu, alikuwa ameshateremka kutoka Ngaramtoni kwa kifodi, daladala yetu ya Arusha, na ndoo ya loshoro. Akamkalisha mdai kwenye kochi, akamjazia bakuli.

"Kula, mwanangu. Kisha uniambie, asiye na mshahara analipaje rejesho la mwenye mshahara?"

Afisa akala, akaeleza. Tangu Mei, Benki Kuu ilikuwa imeziruhusu benki na taasisi za fedha kuwapangia upya mikopo wateja walioumizwa na korona. Kila ombi linaangaliwa peke yake, ila mteja ajitokeze, aandike barua, aseme kipato kimefikia wapi na anaweza kiasi gani.

"Sasa huyu bwana simu kazima. Ningempangia nani?"

Barua ikaandikwa pale pale, Yeyo akitamka, mwanawe akiandika. Rejesho likapungua, muda ukarefushwa. Jumla ya riba ikanenepa, maana miezi ya nyongeza haitolewi bure, lakini makochi yakarudi sebuleni na simu ikawashwa. Jirani naye akatakiwa alete daftari lake kwa mwenyekiti. Walipojumlisha wakakuta ameshalipa zaidi ya alichokopa, na bado anadaiwa.

Kwa mkopo wetu mdhamini akatakiwa. Yeyo akaweka dole gumba, kwa masharti yake: kila Jumamosi mwanawe apande Ngaramtoni kumlimia shamba, na yeye mwenyewe Yeyo ahamie kwetu kusimamia marejesho. Deni la taasisi tumepewa ratiba yenye tarehe ya mwisho. Nilipomuuliza Yeyo kuhusu ratiba yake, akaniambia nimwongezee chai.