Emu Si Mbuni

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, na wewe unayejipepea na ratiba badala ya kuisoma, tulieni. Aliyesimama mbele yenu ndiye mtaalamu pekee wa emu katika tarafa hii. Nimelichunguza suala hilo kwa kina, nikamtafuta mwingine, nikajikuta mimi. Shahada sina, kwa kuwa bado hajapatikana mwenye kiwango cha kunitahini.

Kwanza tusafishane akili. Emu si mbuni! Mbuni ana vidole viwili mguuni, emu vitatu. Mbuni ni wa Afrika, emu ni wa Australia, na kwa urefu anampisha mbuni peke yake kati ya ndege wote walio hai: akinyoosha shingo hukaribia mita 1.9. Haruki. Mabawa yake ni ya sentimita 20 hivi, pambo tu, kama tai yangu hii. Lakini mbio anazo, kilomita 48 kwa saa, mwendo ambao basi lililonileta hapa halikuufikia hata kwenye mteremko. Tena humeza kokoto zimsagie chakula kwenye firigisi. Tuendelee.

Nyumbani kwake ndiko nilikobobea. Mpiga ngoma ni jike: ana mfuko wa hewa shingoni, akiujaza hutoa mlio mzito unaosikika mbali. Dume huguna tu. (Mama wa safu ya mbele, makofi baadaye.) Jike hutaga mayai ya kijani kilichokolea, kila moja nusu kilo hivi, kisha hujiendea zake, pengine kwa dume mwingine. Anayebaki kuatamia ni baba. Siku 56 hali, hanywi, hata haja kubwa haendi. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na husimama kugeuza mayai tu, mara 10 hivi kwa siku.

Nami, kwa ajili ya sayansi, nililijaribu jambo hili kwenye kochi. Ilipotimu saa tatu mke wangu akaniuliza kama ninaatamia rimoti. Utafiti ukakatizwa kwa sababu za kifamilia.

Vifaranga hutoka na michirizi kama shati la jela, na baba huwalea hadi mwaka mmoja na nusu. Mama mtu akijipitisha karibu, anaweza kutimuliwa. Naona makofi yamekoma.

Sasa vita. Ndiyo, vita! Mwaka 1932, huko Campion, Australia Magharibi, emu wapatao 20,000 waliingia kwenye ngano ya wakulima, wengi wao askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza. Serikali ikampeleka Meja Meredith na bunduki mbili za rashasha na risasi 10,000. Emu wakikaribiwa walitawanyika vikundi vikundi, kila kundi na njia yake. Bunduki ikapandishwa kwenye lori. Lori likaachwa nyuma, na kwa mashimo ya porini mpiga bunduki hakuweza hata kulenga. Jeshi likaondoka, likarudi, na Desemba likaondoka moja kwa moja.

Meja aliripoti kuua emu 986 kwa risasi 9,860. Yaani risasi 10 kwa kila ndege, hakuna iliyozidi wala kupungua. Waheshimiwa, mimi nilikuwa mweka hazina wa chama cha kuzikana kwa miaka sita. Hesabu isiyobakiza hata senti naijua: huandikwa usiku wa kuamkia mkutano.

Na emu yupo mpaka leo kwenye nembo ya taifa lile lile lililompiga risasi, amesimama mkabala na kangaruu, wala hajaombwa radhi.

Nimemaliza. Maswali yaandikwe kwenye karatasi, mistari mitatu isizidi. Na yule aliyebandika mlangoni bango la "Hotuba Kuhusu Mbuni" anione kabla chakula hakijapakuliwa.