Thermoflash na Seva: Mwongozo wa Fundi wa Saa Nane za Usiku

Aliyesafiri kati ya Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, anaijua kazi hii hata kama hajawahi kugusa seva. Gari linasimama kwenye bariera. Mnashuka wote, mnanawa mikono kwa maji ya klorini, na kijana mwenye glavu anawaelekezea thermoflash kwenye paji la uso, mmoja mmoja. Anasoma namba, anakupungia mkono: pita.

Mgawa mzigo ndiye bariera ya mtandao wako. Hukaa mbele ya seva na kuzigawia maombi ya watumiaji, na kila baada ya sekunde chache huzipigia hodi. Inayojibu hupewa kazi, isiyojibu hutengwa. Sasa ni saa nane za usiku, jenereta inanguruma uani, na mgawa mzigo anasema seva zako zote mbili zinaumwa. Ndugu fundi, usizime wala kuwasha upya kitu chochote. Kaa, tuanze.

Kwanza toka nje ya nyumba. Mafundi wengi huingia ndani ya seva, wakapiga curl humo humo, wakapata jibu la 200, kisha wakaapa kwamba seva ni nzima. Ni nzima kwako uliye ndani. Mpimaji, yaani mgawa mzigo, yuko barabarani. Piga ss -ltn utazame: programu inayosikiliza 127.0.0.1 peke yake inaongea na kuta za chumba chake. Tazama na poti, maana mara nyingi programu imehamia 8080 na mpimaji bado anabisha 80.

Kisha faiwoli. Mpimaji mara nyingi haji kwa anwani za wateja, ana zake. Google Cloud hupima kutoka 35.191.0.0/16 na 130.211.0.0/22, Azure hupima kutoka 168.63.129.16. Ikiwa faiwoli ya seva yenyewe ndiyo inatupa pakiti kimya kimya, tcpdump itakuonyesha SYN ikiingia bila jibu kutoka. Kama hata SYN haionekani, imezuiwa mbele zaidi.

Mlango uliofungwa haukuambii kama ndani kuna mgonjwa. Hilo tulilijua kwa uchungu. Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais akatangazwa bila kura zetu, wengi wakaona ugonjwa ni siasa, wakawafungia wauguzi milango. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kutiwa moto. Milango mingi ilikuja kufunguliwa na jirani, mtu ambaye familia ilimjua kwa jina. Faiwoli nayo itajie mpimaji kwa anwani yake. Usiubomoe ukuta mzima.

Kuhusu idadi ya vipimo, neno fupi. HAProxy usipoigusa hupima kila baada ya sekunde 2, huitenga seva ikishindwa mara 3 mfululizo, na huirudisha ikifaulu mara 2. Waya wa kwenda kwenye seva iliyo Beni ukiwa unatetereka, usipunguze hesabu hizo. Seva itatolewa na kurudishwa usiku kucha, na kila ikitolewa mwenzake hubeba mzigo wa wawili. Aliyemgusa mgonjwa wa Ebola alifuatiliwa siku 21, hakuachiwa kwa kipimo cha asubuhi moja.

Sasa tufike kwenye lile linaloniuma zaidi: seva mgonjwa inayopita. Julai 2019 mchungaji mmoja alipanda basi Butembo akiwa tayari ameanza kuugua. Njiani basi lilipita vituo vitatu vya kupima. Hakuonekana na dalili, na kila kituo aliandikisha jina tofauti. Tarehe 14 akathibitishwa Goma kuwa na Ebola, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Waliompima walifanya kazi yao. Thermoflash huuliza joto la ngozi, basi.

Kipimo cha TCP ni hivyo hivyo: huuliza kama poti inafunguka, basi. Nilikuwa natunza seva mbili za hospitali moja. Diski ya moja ikajaa usiku, na kwa mgawa mzigo zote zikaendelea kuonekana kijani. Asubuhi, karibu kila mgonjwa wa pili fomu yake ilikataa kuhifadhiwa. Mama wa mapokezi alikuwa ameshatoa daftari na kalamu, foleni imefika mlangoni, mtoto analia mgongoni mwa mama yake. Mimi nilikuwa nikisema mtandao uko sawa.

Basi andika ukurasa wa kipimo unaofanya kazi ileile ya mama yule wa mapokezi: uandike mstari mmoja kwenye diski, uusome, uulize hifadhidata swali dogo, na ukishindwa popote urudishe 503. Ila hifadhidata ikiwa moja kwa seva zote, ikizimika zitatengwa zote kwa pamoja. Mgawa mzigo wa mtandao wa AWS akikuta zote ni wagonjwa hupeleka maombi kwa zote. Wengine hufunga mlango kabisa. Mjue wa kwako kabla siku hiyo haijafika.

Leo jioni, watumiaji wakishapungua, jaza diski ya seva moja kwa makusudi na uhesabu sekunde hadi itengwe. Ikibaki kijani, usilale kabla hujaurekebisha ukurasa wa kipimo.