Presha ya Chini Iliyopanda

Nau, baba yangu, alirudi kutoka sokoni Mutomo na kikaratasi cha presha kilichoandikwa 132/98. "Walionipima wamesema ya chini ndiyo mbaya," akamwambia Mwaitu, mama yangu, kisha akaketi chini ya mwembe kungoja chakula.

Mwaitu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Presha ya chini nani asiyeijua? Mtu huona kizunguzungu, huanguka, na dawa yake ni chumvi. Basi mzee akaanza kuuguzwa. Muthokoi ukakolea, ndengu zikakolea, hata chai ya rangi ikatiwa kidogo. Na maji ya kisima tunayopikia, kama ya visima vingi huku Kitui Kusini, yana chumvi yake tayari. Siku nne Nau alikunywa maji kama ngamia.

Siku ya tano akapita mhudumu wa afya ya jamii na ule mkoba waliogawiwa mwaka 2023, mashine ya presha imo ndani. Ikasoma 138/104. Akauliza mzee anakula nini. Mwaitu akamjibu kwa fahari.

Yule binti mhudumu alitafuta kigoda kwanza. "Mwaitu, namba ya juu ni moyo ukisukuma damu. Ya chini ni moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo. Ikifika 90, mishipa haipumziki hata hapo. Huyu ya chini imepanda."

"Kitu kinapandaje kikabaki cha chini?" Nau akauliza. Swali zuri, naona mimi. Kiswahili ndicho kilichotuponza.

Kliniki kesho bila kukosa, binti akasema, na chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Mwaitu akaibeba pakiti nzima, akawamwagia mbuzi.

Binti akataka kupima tena, sasa kwa utaratibu: mkanda juu ya ngozi, si juu ya sweta, mgongo uegemee, miguu ikanyage sakafu, mkono ulingane na moyo, dakika 5 za utulivu. "Na usiongee, Nau. Ukiongea inapanda."

Dakika ya tatu, mbuzi walioshiba chumvi wakalivamia karai la maji matamu, mtungi mzima wa lita 20, wa kununua. Nau akafumbua mdomo. Binti akainua kidole. Nau akafumba, mishipa ya shingo imemtoka, akawatazama wakinywa mpaka wakaanza kulamba bati.

136/108.

"Hiyo," akasema Nau aliporuhusiwa, "iandike kwa jina la mbuzi."