Jua la Sebuleni

Wako waungwana huko Ulaya na Marekani ambao, wakisha kutia matumbawe hai katika tangi la kioo sebuleni, huyawashia taa ya LED kwa nguvu zake zote tangu siku ya kwanza, kana kwamba ukarimu ni kumwunguza mgeni. Na vile vijimea viishivyo mwilini mwa matumbawe, ambavyo ndivyo viyalishavyo, vikihajiri kwa ukali wa mwanga hata matumbawe yakabaki meupe pe, bwana hukata shauri kuwa taa haitoshi, akaagiza ya pili. Ewe muungwana, anza na theluthi ya nguvu za taa, uzidishe taratibu kwa majuma kadhaa. Na kabla hujafungua mkoba tena, pangusa chumvi iliyoganda kwenye feni ipoozayo taa uliyo nayo.